Unene wa Ukuta Si Kifo

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza kwa nini parenkima, kolenkima na sklerenkima, yaani makundi matatu ya seli za mmea, huitwa tishu za kudumu, ilhali jeraha la mmea huziba na kipande cha shina hutoa mizizi mipya. Huitwa hivyo kwa kuwa seli zake zimeacha kugawanyika na kushika kazi maalumu. Nazo ni sahili kwa sababu kila tishu ina seli za aina moja. Hata hivyo, seli za parenkima, zenye kuta nyembamba, ambazo huhifadhi wanga na maji na, zikiwa na klorofili, hutengeneza chakula, hazijapoteza uwezo wa kugawanyika tena. Mwaka 1958 mtaalamu wa mimea F. C. Steward na wenzake walieleza jinsi walivyopata mimea mizima kutokana na seli za mzizi wa karoti. Kwa hiyo mimi ningeuliza kwanza: ipi iko hai, na ipi imekufa?

Najua utasema mama amerudi kwenye kikonyo chake cha selari. Nimerudi. Katika mtihani ule wa vitendo nilikata kwa wembe kipande chembamba hata maandishi yakasomeka kupitia kwake, nikakilaza katika tone la maji chini ya hadubini. Chini kidogo ya epidemisi, ile ngozi ya nje ya mmea, kwenye matuta ya kikonyo, nikaziona seli ambazo kuta zake zilinenepa pembeni na kung'aa. Nikaandika: kolenkima, hai, huimarisha sehemu inayokua bila kuizuia kurefuka. Msahihishaji akakata kwa wino mwekundu, akaandika kwamba kuta ni nene, basi seli zimekufa.

Unene wa ukuta si kifo, mwanangu. Kuta za kolenkima hunenepeshwa kwa selulosi na pektini, nazo hunyumbulika. Za sklerenkima hutiwa lignini, kitu kigumu kinachoupa mti ugumu wake, na seli ikikomaa kwa kawaida hufa, ukuta wake ukabaki kuubeba mmea. Kifuu cha nazi ni seli za mawe, aina ya sklerenkima, zilizoshikamana, na chembe ngumu unazozihisi menoni ukila pera ni vikundi vya seli hizohizo. Nyuzi za katani nazo ni sklerenkima.

Huenda msahihishaji alikuwa na karatasi nyingi, au mchoro wangu haukuonyesha pembe vizuri. Hapana, pembe zilionekana. Nilizichora mara mbili. Hakuinamia hadubini yangu hata mara moja. Sitasema kwamba alikosa uangalifu, ingawa neno hilo limenifika mdomoni kwa miaka yote hii.

Basi jina la kudumu huikaa sklerenkima kuliko wenzake, maana seli iliyokufa haigawanyiki. Kolenkima, kwa kuwa iko hai, wakati mwingine huanza upya kugawanyika. Unene wa ukuta si kifo. Tafuta kikonyo cha selari na wembe mkali, ukate mwenyewe, kisha uniandikie ulichokiona kwenye pembe.

Mama yako