Florence hadi Siena kwa gari: tushike barabara ipi?

SWALI: Mimi na mwenzangu tutakuwa Florence, Italia, mwezi Septemba, nasi tunataka kukodi gari kwenda Siena tukipitia mashamba ya mizabibu ya Chianti na vijiji vyake vya kale. Nimeendesha gari Dar es Salaam kwa miaka 12. Tupite njia ipi, na tujihadhari na nini?

JIBU: Shikeni SR222, ambayo wenyeji huiita Chiantigiana. Urefu wake ni takriban kilomita 70, na asiyesimama popote huimaliza kwa saa mbili hivi, ingawa mtu wa namna hiyo sijui amefuata nini huko. Ipo pia barabara ya haraka isiyolipiwa. Iacheni kwa safari ya kurudi.

Kona hazitawasumbua. Kinachowaponza wageni ni alama ya duara jeupe lenye ukingo mwekundu, iliyoandikwa Zona a Traffico Limitato, yaani eneo la magari yenye kibali tu, kwenye viingilio vya miji ya kale. Hapo hapana askari wala kizuizi, ila kamera inayosoma namba za gari, pamoja na kibao cha “varco attivo”, ambacho wengi hudhani kinawakaribisha wapite, kumbe kinaarifu kwamba kamera iko kazini. Faini hufuata baadaye, mara nyingi mkiwa mmekwisharudi nyumbani, na kampuni ya kukodisha huongeza ada yake juu.

Kwa sababu hiyo, msichukulie gari katikati ya Florence. Pandeni tramu hadi uwanja wa ndege wa Peretola, mkodi huko, mfuate barabara kuu ya A1 mpaka mtokee Firenze Sud (Florence Kusini), kisha vibao vya miji midogo ya Grassina na Greve. Mkifika Siena, liacheni kwenye maegesho ya kituo cha treni. Ngazi za umeme zitawapandisha hadi karibu na Camollia, lango la mji wa kale.

Uwanja wa katikati ya mji wa Greve una umbo la pembetatu na varanda za matao, na Jumamosi asubuhi hujaa soko. Mimi ningekaa zaidi Castellina, mji mwingine wa njiani, kwenye Via delle Volte, njia iliyofunikwa kwa matao ya mawe chini ya nyumba, yenye matundu ukutani ambamo mabonde huonekana vipandevipande. Mstari mweupe wa maegesho ni wa bure, wa bluu hulipiwa, na wa njano si wenu.

Kumbukeni kwamba huko huendeshwa upande wa kulia, na kile tunachokiita kipilefti huzungukwa kinyume na mlivyozoea: mpisheni anayetokea kushoto. Kiwango cha juu cha pombe kwa dereva ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, kwa hiyo atakayeshika usukani aonje na kuutema mvinyo, jambo ambalo wazalishaji hawalihesabu kuwa utovu wa adabu. Kibali cha kimataifa cha udereva kiombeni kabla hamjaondoka, kwani leseni ya nyumbani peke yake haitoshi.