Swali la lugha: Mende, dundu au mbawakawa?

Maalim, shikamoo. Mimi ni Mpemba wa Wete, kwa sasa nafanya kazi Omani. Siku ya mapumziko tulipanda Milima ya Hajar, nikanyanyua jiwe na kumkuta mdudu mweusi wa kama milimita 8, akakimbia mbio. Picha yake nimekuletea. Mdogo wangu anayesoma Chake Chake alitaka nimwandikie maelezo kwa Kiswahili, nami nikaandika: "Nimegundua mende mdogo wa ardhini kutoka majabali mikame ya Omani. Ina miguu nyembamba nyeusi na mabawa nyeusi iliyoshikana." Ananicheka, anasema nimekosea kila neno. Ni kweli?

Marahaba, mwanangu. Si kila neno. "Mdogo" umelipata, na "Omani" ipo mahali pake. Mengine tukae tuyatazame.

Tuanze na mende. Hapa Unguja, na kwenu Pemba vilevile, ukisema "nimeona mende" hakuna anayeuliza mende gani. Watu wanatafuta kiatu. Mende ni yule wa kabatini na chooni, ambaye wengine humwita kombamwiko, na kwa nasaba yuko karibu na mchwa kuliko na mdudu wako. Mtazame mgongoni: mabawa yake ya juu ni kama ngozi, na moja hulalia jingine. Ya mdudu wako yamekuwa gamba gumu, yanakutana katikati ya mgongo kwa mstari mmoja ulionyooka. Huyo ni mbawakawa. Wapo wanaosema mbawakavu, nao siwagombi. Mimi nikilisikia "mbawakawa" hulikumbuka kawa la ukili lililofunika sinia, maana kwa wadudu hawa ukilifunua gamba unakuta chini yake utando mwembamba wa kurukia, umekunjwa vizuri. Hiyo ni picha ya kichwani mwangu tu, si asili ya neno, usije ukanisemea.

Dundu je? Dundu naye ni mbawakawa, lakini masikioni mwangu ni yule mnene anayekuja kuigonga taa kwa kishindo. Kumwita dundu mdudu wa milimita 8 ni kumvisha kanzu ya babu yake. Halafu kuna chonga anayetoboa minazi yetu, fukusi wa kwenye gunia, na kimulimuli wa usiku. Wote hao ni mbawakawa, na ukiangalia utaona kila mmoja amepata jina kwa sababu ametuharibia kitu au ametufurahisha macho. Huyu wako hajawahi kuingia shambani kwetu wala ghalani, basi hakuna aliyehangaika kumpa jina la nyumbani. Ndiyo maana maelezo yako yanabeba mzigo mzito, na sarufi ikilegea mdudu mwenyewe haonekani.

"Nimegundua" liache kwa sasa. Kugundua ni kukipata kisichokuwa kinajulikana. Wewe umemwona, au umemkuta. Kazi iliyobaki ni kumtambua, yaani kusema ni spishi gani. Ikibainika kwamba hakuna aliyewahi kumweleza, hapo tutakurudishia "nimegundua" yako kwa heshima zote.

Majabali sasa. Hapo Kiarabu cha jirani zako kimekuponyoka. Kwao jabal ni mlima. Kwetu jabali ni jiwe kubwa, mwamba. Mdudu wako alikuwa chini ya jiwe, na jiwe lilikuwa mlimani. Sikulaumu, sisi wa visiwani milima tunaisikia tu: hapa Unguja pahali pa juu kabisa hapafiki hata mita 150, na mtu wa baiskeli huita mlima kila anaposhuka kusukuma. Huko uliko, Jabal Shams inakaribia mita 3,000.

Na milima hiyo haiwi "mikame". Kame ni kivumishi kisichovaa kiambishi, kama safi, ghali na hodari: nchi kame, maeneo kame, milima kame. Ukitaka kinachovaa, chukua -kavu useme milima mikavu. Ila maana zinapishana kidogo. Nguo iliyoanuliwa ni kavu, na jioni ikinyesha itarowa. Kame ni ukavu wa mahali palipozoea kukosa mvua. Kwa Hajar ningeandika kame.

"Ina" ni mazoea ya kuandika haraka kwenye simu. Mdudu ana roho, basi ana miguu, haina mjadala.

Penye utamu ni kwenye weusi. Umeandika "nyeusi" kila mahali kwa sababu ndiyo tunayoisikia zaidi: nguo nyeusi, kofia nyeusi. Lakini -eusi hufuata jina lililo mbele yake. Mbawakawa ni mweusi. Miguu ni myeusi, na kwa njia hiyohiyo ni myembamba, si nyembamba. Mabawa ni meusi, kwa kuwa a ya ma- na e ya -eusi zimeungana zikawa e moja. Papasi, vile viuzi viwili vya kichwani anavyopapasia njia, ndizo nyeusi. Mdudu mmoja, rangi moja, na neno limegeuka mara nne! Ungeandika "mbawa" badala ya "mabawa", nyeusi yako ingesimama, ila ingebidi useme zilizoshikana. Na hilo la kushikana umeliona vizuri. Mbawakawa wengi wa milimani na wa jangwani wamepoteza mabawa ya kurukia, na magamba ya juu yameungana hayafunguki. Ndiyo maana hakuruka, alikimbia.

Limebaki "wa ardhini". Kwa sarufi ni sawa, mradi msomaji asidhani anaishi chini ya ardhi. Shaka yangu ni ya maana. Wataalamu wakisema mbawakawa wa ardhini wanakusudia familia ya Carabidae, yenye spishi kama 40,000, wengi wao wawindaji wenye taya zilizoelekea mbele. Jina hilo liandike kama lilivyo, usilitafutie Kiswahili. Lakini katika nchi kame kuna familia nyingine, Tenebrionidae, nayo ina weusi wengi wanaotembea ardhi hiyohiyo. Atazamwe papasi zinapoanzia: kwa Carabidae panaonekana wazi, kati ya jicho na taya; kwa wale wengine pamefichwa chini ya ukingo wa kichwa. Halafu nyayo. Zina pingili, kama muwa. Carabidae ana pingili 5 kwa kila mguu. Tenebrionidae ana 5 miguu ya mbele na ya kati, na 4 ya nyuma.

Kwa sasa mpelekee mdogo wako hivi: "Katika milima kame ya Omani nilimkuta, chini ya jiwe, mbawakawa mdogo mweusi mwenye urefu wa milimita 8 hivi. Ana miguu myembamba myeusi, na mabawa meusi yaliyoshikana mgongoni."

"Wa ardhini" nimeliweka kando kwa makusudi, kwa sababu picha yako imemkata kichwa na miguu ya nyuma. Ukimpata tena usimbane kwa vidole, maana katika familia ya Carabidae wapo wanaorusha majimaji yenye joto la karibu nyuzi 100. Mtie kwenye chupa, tafuta kioo cha kukuzia, mhesabie pingili za mguu wa nyuma. Zikiwa 5 na papasi zimeanzia pale nilipokwambia, lirudishe neno lako.