Maswali ya Wasomaji: Buea na mwenye mlima wake

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu alipokuwa akisoma habari za Mlima Kamerun alikutana na jina la mzimu unaoitwa Epasa Moto. Kwa kuwa mlima huo ni volkano, sisi nyumbani tulikubaliana kwamba jina linahusu moto. Je, Kiswahili kilifika huko? Tungependa pia kuujua mji wa Buea, ulio chini ya mlima huo, pamoja na watu wake. (Msomaji, Moshi)

JIBU: Ndugu msomaji, moto wa jina hilo si moto wa jikoni. Katika lugha ya Wakweri, wenyeji wa Buea, kama ilivyo kwa jirani zao Waduala, moto ni mtu, na jina zima humaanisha nusu mtu, kwa sababu masimulizi ya wenyeji humweleza mwenye mlima kuwa upande mmoja ni binadamu na upande wa pili ni jiwe. Wasomaji wetu wa Kongo wanaosikia Kilingala hawatashangaa, maana huko pia moto ni mtu na bato ni watu. Kiswahili hakikusafiri kwenda Buea. Kama kuna kilichosafiri, kilitoka upande ule kuja huku, kwa kuwa wataalamu wengi wa isimu huliweka chimbuko la lugha za Kibantu karibu na mpaka wa Kamerun na Nigeria, miaka ipatayo elfu nne au tano iliyopita. Wakweri wenyewe hujiita Vakpe, na sikio la Mswahili litaitambua ile va- ya mwanzo kuwa ni ndugu wa wa- tunayoiweka mbele ya Wachaga na Wadigo.

Nimekaa juu ya neno hili moja kwa sababu linageuza namna ya kuutazama mji. Sisi tukisoma moto tunaona hatari, ilhali Mkweri anapolitamka jina hilo anamtaja mwenyeji aliyemtangulia mahali pale, mwenye haki ya kuombwa ruhusa na kuheshimiwa mipaka yake.

Mlima huo una urefu unaozidi mita 4,000 na hakuna mwingine unaoufikia katika Afrika Magharibi. (Wengine huihesabu Kamerun katika Afrika ya Kati, lakini sehemu hiyo ya nchi ilitawaliwa na Waingereza pamoja na Nigeria, na historia yake imefungamana na Magharibi.) Tofauti na Kilimanjaro yenu, hauna theluji ya kudumu, nao umesimama karibu kabisa na bahari, hivi kwamba mawingu ya Atlantiki yanaugonga na kumwaga maji yake yote hapo hapo. Debundscha, kijiji kilicho chini ya mteremko unaotazama bahari, hupata mvua ya takriban milimita 10,000 kwa mwaka, kiasi ambacho ni sehemu chache sana duniani zinakipata. Buea yenyewe, iliyo kwenye mteremko wa kusini-mashariki karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ni mji wa ukungu na baridi.

Udongo mweusi wa volkano ndio uliowafanya Wakweri kuwa wakulima wa magimbi. Chakula chao cha heshima, kwacoco, ni magimbi yaliyokunwa, yakafungwa katika majani ya migomba na kupikwa kwa mvuke, kisha yakaliwa kwa mchuzi wa chikichi. Juu ya mashamba kuna msitu, na ndani yake unamea mti ambao hata msitu wa Kilimanjaro unao, Prunus africana, ambao magome yake husafirishwa Ulaya kutengenezea dawa ya tezi dume. Uchunaji wa pupa umeua miti mingi, na hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2009 ina wajibu wa kuilinda iliyobaki, pamoja na tembo wa msituni.

Tembo huyo ndiye alama ya Maalé, chama cha wanaume ambacho ngoma yake ya vinyago huchezwa katika siku kubwa za Wakweri, na ambacho baadhi ya wanachama wake huaminiwa kuwa na tembo wao msituni, anayeshiriki uhai nao. Wanawake walikuwa na Liengu, unyago wa roho za majini, ambamo mwari alitengwa kwa muda mrefu na kufundishwa lugha ya siri isiyojulikana na wanaume. Kwa maoni yangu, anayefika Buea akapiga picha majengo ya Wajerumani tu bila kuuliza habari za Maalé na Liengu, ameuacha urithi wenyewe nyuma yake.

SWALI: Nimesikia kwamba ofisa mmoja wa Kijerumani aliyepigana na Bushiri huku kwetu aliuawa Buea. Ni kweli? (Msomaji, Pangani)

JIBU: Ni kweli, na nakushukuru kwa kuuliza, maana watu wa pwani yetu na watu wa mlima ule walipambana na mtu mmoja bila kujuana. Karl von Gravenreuth alikuwa miongoni mwa maofisa waliozima upinzani wa pwani ulioanza mwaka 1888, ambao kiongozi wake, Bushiri bin Salim, alinyongwa hapo Pangani mwezi Desemba 1889. Baadaye Gravenreuth alipelekwa Kamerun, akanunua watumwa kutoka Dahomey (Benin ya leo) ili wawe askari wake, akapanda nao mlimani kuwatiisha Wakweri. Tarehe 5 Novemba 1891 aliuawa katika mapigano ya Buea, na kikosi chake kikarudi nyuma. Aliyewaongoza Wakweri ni chifu wao, Kuva Likenye, ambaye jina lake linastahili kutajwa pamoja na la Bushiri katika kila somo la historia ya wakati ule. Wajerumani walijipanga upya na kuiteka Buea mwezi Desemba 1894. Kuva alikimbilia uhamishoni na akafa mwaka uliofuata.

Baada ya hapo mashamba makubwa ya kampuni za Kijerumani yalimeza udongo ule mweusi, na wenyeji wakasukumwa katika maeneo finyu waliyotengewa. Gavana Jesko von Puttkamer, aliyeipenda hewa ya baridi, alihamishia makao makuu ya koloni Buea kutoka Douala mwaka 1901 na kujijengea kasri ambalo bado limesimama. Mwaka 1909 mlima ulilipuka na ardhi ikatetemeka, serikali ikarudi Douala. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani, Waingereza waliyapiga mnada mashamba hayo jijini London mwaka 1924, na walioyanunua wengi wao walikuwa Wajerumani wale wale. Baada ya Vita Kuu ya Pili yaliwekwa chini ya shirika la umma, ambalo hadi leo hulima ndizi, mpira na michikichi. Wakweri waliunda kamati ya kudai ardhi yao mwaka 1946, wakapeleka malalamiko hadi Umoja wa Mataifa, na dai hilo halijafungwa. Hili ndilo jeraha la Buea, nami naliona kuwa kubwa kuliko heshima ya kuitwa makao makuu, ambayo mji uliipata tena chini ya Waingereza, na baada ya kura ya maoni ya Februari 1961 ya kujiunga na Kamerun ukaendelea nayo, kama makao makuu ya jimbo la Kamerun Magharibi katika shirikisho la Kamerun, hadi 1972.

SWALI: Sisi wa Goma tuliikimbia Nyiragongo mwaka 2002 na tena 2021. Watu wa Buea wanaishije na mlima wao? (Msomaji, Goma)

JIBU: Ndugu zetu wa Goma, lava ya Nyiragongo ni nyepesi na hukimbia kama maji, lakini ile ya Mlima Kamerun ni nzito, nayo kwa kawaida huwapa watu nafasi ya kuondoka. Mwaka 1922 iliteremka hadi baharini. Mwaka 1999 iliifunika barabara ya pwani huko Bakingili na kusimama kiasi cha mita 200 kabla ya maji, huku mitetemeko ikipasua nyumba za Buea. Mwaka uliofuata mkono mmoja wa lava ulielekea upande wa mji, ukasimama kabla ya kufika. Katika miaka hii kilichowakimbiza watu zaidi ni vita vya maeneo yanayozungumza Kiingereza, vilivyotokana na mgogoro ulioanza mwaka 2016, ambavyo vimeuumiza sana mji huu wenye chuo kikuu na vijana wengi.

Hata hivyo mlima unaendelea kupandwa. Tangu mwaka 1973 kuna mbio za mwezi Februari zinazotoka uwanjani mjini hadi kileleni na kurudi, kiasi cha kilomita 38, ambazo Sarah Etonge amezishinda mara nyingi kiasi cha kuitwa malkia wa mlima. Wanariadha hutoka mjini, wakapita msitu, wakaingia kwenye nyasi na majivu ya volkano ambako upepo huumiza pumzi, kisha huteremka kwa kasi juu ya mawe yanayokata miguu. Kabla ya siku hiyo machifu wa Kikweri humwendea Epasa Moto kwa matambiko, wakimwomba awaruhusu wageni wapite nyumbani kwake na wote washuke salama.