Kindle au kishikwambi cha bei nafuu?

Mdogo wangu, kwa hayo uliyoeleza, kwamba uko chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe, Mwanza, vitini vyako karibu vyote ni PDF, na riwaya unazisoma ukivuka ziwa kwa meli kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, mimi ningechukua kishikwambi.

Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu vya kielektroniki, ni tamu kwa riwaya, sikatai. Kioo chake cha wino wa kielektroniki hakififii juani, hata ukikaa nje kwenye meli saa saba mchana unasoma kama karatasi, na chaji hukaa wiki kadhaa. Tatizo ni hivyo vitini. Ukurasa wa A4 ukibanwa kwenye kioo cha inchi 6 au 7, herufi zinakuwa sisimizi. Utavuta na kusogeza mpaka uchoke. Michoro ya rangi nayo, kwa Kindle nyingi, utaiona nyeusi na nyeupe tu.

Sasa, usikimbilie bei ya chini kabisa pale mjini. Tafuta kioo cha inchi 10 na RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu) ya GB 4 halisi. Boksi likiandikwa "4+4", zile nne za pili zimekopwa kwenye nafasi ya kuhifadhia mafaili, siyo RAM ya kweli. Fungua mipangilio hapohapo dukani uone toleo la Android, kisha chomeka chaja uone kama kinachaji. Muuzaji akinuna, hamia duka la pili.

Juani kitakusumbua, hilo lijue. Kaa ndani ya meli, ongeza mwanga, na ubebe pawabenki.