Seva ndogo ya Mastodon na vita vya spamu: niliyojifunza kwa kuisimamia

Anayeniomba nimsaidie kuanzisha seva ya Mastodon (mtandao wa kijamii unaoundwa na seva nyingi huru zinazowasiliana, kila moja na msimamizi wake) huwa namuuliza kwanza: nani atakuwa akiikagua kila siku? Kama hakuna, usajili usiwe wazi kwa kila mtu. Weka utaratibu wa maombi, anayetaka akaunti aeleze kwa nini anaitaka, wewe ndiye uidhinishe.

Februari 2024 ilitufundisha vya kutosha. Wimbi lile la spamu, yaani jumbe za kero zinazotumwa kwa wingi, lilipenya kupitia seva ndogo ambazo wenyewe walishazisahau, usajili wazi, hakuna msimamizi. Skripti, yaani programu ndogo zinazojiendesha, zilifungua akaunti zenye majina ya herufi zilizovurugwa tu. Kila ujumbe uliwataja watu wasiojuana, mara nyingi ukiwa na picha ya kopo la nyama ya Spam. Mwezi huohuo Mastodon ilitoa toleo la 4.2.8, ambalo seva isiyo na msimamizi aliyeingia kwa wiki moja hujibadilisha yenyewe kutoka usajili wazi kwenda wa maombi. Kama bado uko kwenye toleo la zamani kuliko hilo, sasisha leo.

Spamu ikitoka seva ya jirani, usikimbilie kuifungia kabisa. Ukiifungia, watu wako wanapoteza wafuasi na marafiki walioko huko, na ukija kuifungua uhusiano ule haurudi wenyewe. Anza kwa kuiwekea mipaka: jumbe zake hazionekani hadharani, lakini anayemfuata mtu wa kule bado anamsoma. Kisha mwandikie msimamizi wake. Wengi hawajui hata kama seva yao imevamiwa.

Upande wa msimbo, yaani maandishi yanayoiunda programu, ndio unaonigusa zaidi. Programu hii ni huria, leseni yake ni AGPL (inayotaka msimbo ubaki wazi), na mtuma spamu anausoma msimbo uleule unaousoma wewe. Kwa hiyo kichujio cha spamu kinachotegemea siri hakidumu. Pendekezo linalojirudia ni kuzuia akaunti mpya isiyo na mfuasi inayotaja watu wengi kwa mpigo. Linafanya kazi, ila mfikirie mtu aliyejiunga jana, leo kafiwa, anawataja ndugu kumi awape taarifa za msiba. Kichujio kinamwona mhalifu. Ndiyo maana mimi hupendelea ujumbe kama huo ushikiliwe binadamu auone, usifutwe.

Ukipata dawa inayofanya kazi kwenye seva yako, usikae nayo peke yako. Ipeleke kwa mradi wenyewe: taja toleo unalotumia, weka mifano miwili mitatu ya spamu yenyewe na majaribio ya msimbo, na ufute kwanza anwani za IP na barua pepe za watu. Ila ukigundua tundu la usalama, usiliandike hadharani. Tumia njia ya faragha iliyoelezwa kwenye faili la SECURITY.md la mradi, usubiri hadi rekebisho litoke.