Maswali na majibu: Mikataba ya VA iliyovunjwa, na Bunge linaloomba orodha

Barua nyingi safari hii zimeuliza jambo moja: mikataba ya huduma za wanajeshi wastaafu ambayo serikali ya Marekani iliivunja mwaka 2025, na kama Bunge lao lina meno ya kulihoji suala hilo. Nimezipunguza urefu barua zenyewe. Wenyewe mtaniwia radhi.

Ni nesi katika hospitali ya VA. Kwanza tulisikia mikataba 875 imefutwa, baadaye tukaambiwa 585. Ipi kweli? (Houston)

Zote mbili zilitangazwa, ila kwa siku tofauti. Mwishoni mwa Februari 2025 Waziri Doug Collins alisema VA, wizara inayowahudumia wanajeshi wastaafu, imepata mikataba hadi 875 ya kufuta na itaokoa karibu dola bilioni 2. Kwa maelezo yake, hizo zilikuwa pesa za washauri elekezi wa kutengeneza slaidi na kuandika kumbukumbu za vikao. Kumbe humo ndani mlikuwa pia na mikataba iliyogusa matibabu ya saratani na upimaji wa waliovuta moshi wa sumu vitani. Kelele zikapigwa, wizara ikasitisha. Tarehe 3 Machi ikarudi na idadi mpya, 585, kati ya mikataba kama 90,000 yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 67.

Kwa hiyo karibu theluthi ya orodha ya kwanza iliponea ndani ya muda wa wiki moja hivi. Mimi hapo ndipo ninapotilia shaka. Kama kelele za siku chache zimetosha kuirudisha mikataba karibu 300, basi orodha haikupitiwa vizuri kabla ya kutangazwa.

Ni kweli kompyuta ndiyo iliyochagua mikataba ya kuvunjwa? (Arusha)

Kompyuta ilipendekeza. Juni 2025 chombo cha habari cha ProPublica kilichapisha namna mhandisi mmoja wa DOGE, kile kikosi cha kubana matumizi kilichohusishwa na Elon Musk, alivyounda programu ya akili mnemba ya kuisoma mikataba ya VA na kuweka alama kwenye ile inayoweza kukatwa. Mhandisi huyo hakuwa na uzoefu wa masuala ya afya. Programu yake ilisoma herufi 10,000 za mwanzo tu za kila mkataba, na mtu yeyote aliyewahi kushika mkataba wa serikali anajua kurasa za mwanzo zimejaa nini: vifungu vya jumla, anwani na namba za kumbukumbu. Kazi yenyewe huelezwa mbele huko. Programu ikafika mahali pa kuipa mikataba zaidi ya elfu moja thamani ya dola milioni 34 kila mmoja, ilhali baadhi yake ilikuwa ya dola 35,000. Zaidi ya mikataba 2,000 ilitiwa alama.

Wizara ilisema watumishi wake waliipitia mikataba kabla ya kukata. Hata hivyo ProPublica ilikuta angalau mikataba 24 ya orodha hiyo imeshavunjwa, mmojawapo ukiwa wa kutunza mashine ya kusoma vinasaba inayosaidia kutafuta tiba bora za saratani.

Nipo kitengo cha manunuzi katika halmashauri. Huku kwetu ukivunja mkataba bila kosa la mzabuni, unalipa. Marekani wao hawalipi? (Morogoro)

Wanalipa, ndugu yangu, na swali lako lingefaa kuulizwa na wabunge wengi zaidi kule. Sheria zao za manunuzi zinairuhusu serikali kuvunja mkataba kwa maslahi yake hata kama mzabuni hajakosea. Mzabuni halipwi faida ya kazi ambayo hakuifanya, lakini analipwa kazi aliyoimaliza na gharama halali za kufunga shughuli, na ana mwaka mzima wa kuwasilisha madai. Asiporidhika, kuna bodi ya rufaa na mahakama maalumu ya madai dhidi ya serikali.

Sasa rudi kwenye zile pesa. Wizara yenyewe ilisema mikataba ile 585 ina thamani ya dola bilioni 1.8 hivi, na kwamba takriban milioni 900 ndizo zitakazobaki za kuelekezwa kwingine. Nusu ilikwisha kuyeyuka kabla hata madai ya wazabuni hayajaletwa. Halafu kuna gharama isiyoonekana kwenye tangazo lolote: kazi ile ikihitajika tena, zabuni inaanza upya, mara nyingi kwa bei ya juu zaidi. Mhasibu makini hawezi kuandika akiba kwa kutazama thamani ya mkataba peke yake.

Bunge la Marekani linasifiwa kwa meno yake. Mbona kamati haikumweka waziri kikaangoni mpaka akatoa nyaraka? (Mombasa)

Alifika. Mei 2025 Collins alihojiwa na kamati ya Seneti, siku chache baadaye na ya Baraza la Wawakilishi. Seneta Richard Blumenthal wa Connecticut alimkaba kooni, waziri naye akamjibu kwa ukali uleule.

Tatizo liko kwenye amri ya kulazimisha. Mahakama ya Juu ilikwisha kuamua mwaka 1927 kwamba Bunge lina haki ya kumlazimisha mtu kufika na kutoa ushahidi. Lakini amri hiyo hutolewa na kamati, na kamati huongozwa na chama chenye wabunge wengi. Mwaka 2025 mabaraza yote mawili yalikuwa mikononi mwa chama cha rais, Republican. Blumenthal alikuwa kiongozi wa upande wa wachache kwenye kamati ile ya Seneti, na silaha ya wachache ni barua. Anaweza pia kuchelewesha uteuzi wa maofisa wa wizara, kama alivyofanya Seneta Ruben Gallego, au kuomba uchunguzi wa GAO, ofisi ya ukaguzi iliyo chini ya Bunge lenyewe.

Linganisha na 2014. Ilipogundulika kwamba hospitali ya VA ya Phoenix ilikuwa na orodha za siri zilizoficha muda ambao wagonjwa walikuwa wakisubiri, kamati ya Baraza la Wawakilishi ilipiga kura mapema Mei kudai nyaraka kwa amri, na kabla mwezi haujaisha Waziri Eric Shinseki alikuwa amejiuzulu. Sheria ilikuwa ileile. Tofauti ni kwamba baraza lile liliongozwa na Republican na rais alikuwa Obama wa Democratic.

Na kuna pengo jingine. Mkaguzi mkuu wa ndani wa VA, Michael Missal, alifukuzwa Januari 2025 pamoja na wenzake zaidi ya kumi wa wizara na taasisi nyingine, bila Bunge kupewa ile notisi ya siku 30 inayotakiwa na sheria. Septemba mwaka huohuo jaji akasema hatua hiyo ilivunja sheria, ila hakuwarudisha kazini. Wiki chache tu baada ya jicho la ndani kuondolewa, mikataba ikaanza kukatwa. Wabunge wakabaki wanamwomba orodha ya mikataba iliyovunjwa waziri yuleyule aliyeivunja.

Mimi ni Mkenya, niliingia jeshi la Marekani kupitia mpango wa lugha, nikapata uraia. Nilikuwa Djibouti. Matibabu yangu yataguswa? (Minnesota)

Wasomaji wengine wajue: mpango huo, MAVNI, uliwachukua wageni wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwamo, mpaka uliposimamishwa mwaka 2016.

Haki yako ya matibabu imo kwenye sheria, haimo kwenye mkataba wa mzabuni. Sheria ya PACT ya Agosti 2022 imeitaja Djibouti, pamoja na Somalia na Oman, kati ya nchi ambazo aliyehudumu huko katika vipindi vilivyowekwa huhesabiwa kuwa alivuta hewa yenye sumu. Mkataba ukivunjwa hakuna anayekuondolea haki hiyo. Kinachoweza kutokea ni kipimo kuchelewa, au simu kulia bila mtu wa kuipokea.

Likikupata hilo, anza na mtetezi wa wagonjwa wa hospitali yako. Usipopata jibu, andikia ofisi ya mbunge wa jimbo lako, awe wa chama chochote. Watakupa fomu ya kuruhusu wasome faili lako, nawe uisaini. Taja tarehe ya miadi iliyoahirishwa, jina la kipimo na sababu uliyopewa. Kama waliandika kwamba mkataba umeisha, ambatisha karatasi hiyo.