Kwa aliyeuliza kuhusu baba yake aliyestaafu: mtafutieni anayemngoja

Mwanangu, umeandika kwamba baba yako, mwalimu, amestaafu kwa kutimiza miaka 60, yuko nyumbani hapo Sakina, Arusha, usingizi haupati, anagombana na mama yako kwa vitu vidogo vidogo, na nyinyi watoto mnataka atumie mkupuo wake, ile hela ya kustaafu inayolipwa kwa mara moja, kufungua duka ili achangamke. Mimi nilikuwa muuguzi, nimestaafu, naishi Kibosho, Kilimanjaro. Nawaomba msikimbilie duka.

Mimi sikukosa kazi ya kufanya. Kihamba, shamba letu la nyumbani, kina kazi mwaka mzima: migomba ya kupunguza machipukizi, kahawa ya kupogoa, na msimu wa kuchuma ukifika ndiyo usiseme. Nilipalilia kutwa na moyo ukabaki mzito vilevile. Wodini, zamu ikiisha huondoki mpaka mwenzako afike umkabidhi wagonjwa kitanda kwa kitanda: huyu dripu yake inaisha saa nne, yule hajala tangu asubuhi. Ukichelewa, kuna mtu amesimama anakungoja. Shambani nisipokwenda, nani aulize? Usiku nilikuwa naamka saa ileile ya kuzungukia wagonjwa, nakaa kitandani nasikiliza mbwa wa jirani.

Aliyenifungua ni mama mmoja wa jumuiya yetu. Aliniomba nimpimie mume wake presha, maana kushuka mjini kila mara kulikuwa kumemshinda. Nikanunua mashine, wakaja na wengine. Sasa kila Jumatano asubuhi wazee wanajaa kwenye benchi langu. Yupo mmoja anayewahi kuliko wote. Akikuta bado nimefunga, anaita kutoka nje ya ua wa masale mpaka nitoke. Silipwi chochote, lakini Jumanne usiku nalala nikijua kesho natakiwa.

Baba yako naye atakiwe. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, wa kidato cha nne Novemba, na mtaani kwenu hamkosi watoto wanaohangaika na hesabu. Ila mzazi wa mtoto aje mwenyewe, aamkie, aombe. Msimpangie nyinyi ratiba. Mzee kupangiwa siku yake na watoto aliowalea kunamuuma, hata kama hasemi.

Hela iacheni itulie kwanza. Kwa watumishi wengi wa umma mkupuo sasa ni asilimia 40 ya mafao, kinachobaki mtu analipwa kidogo kidogo kila mwezi kama pensheni. Hiyo 40 ikizama dukani hapati nyingine, na hapo atakuwa na jambo jipya la kumnyima usingizi.

Mama yako pia msikilizeni. Mchana nyumba ile ilikuwa yake kwa miaka mingi, leo kuna mtu anamuuliza kwa nini chumvi inawekwa pale.

Halafu hilo la kutolala msilipuuze. Akiwa hali chakula, anakonda, au anatamka kwamba afadhali afe, msingoje wiki iishe: mpelekeni hospitali ya Mount Meru aonwe na daktari, na apimwe sukari na presha papo hapo. Sonona, yaani ugonjwa wa kuzama kwenye huzuni, kwa wazee mara nyingi hujitokeza kama hasira na maumivu ya mwili, machozi huyaoni, ndiyo maana familia nyingi hudhani ni ukorofi wa uzeeni. Inatibika. Nimewauguza waliopona.

Zungumza na mama yako leo, yeye ndiye anayewajua majirani wenye watoto wa darasa la saba. Kisha rudi hapa utuambie mzee amepokeaje.